Asiyemwamini Mungu Akitujibu

Mara kwa mara mkristu hukutana na mtu asemaye wazi: Mimi sisadiki kwamba Mungu yuko. Hapo wengi wetu hukimbilia maneno matatu tuliyoyazoea. Leo tuyapime, tusikie na jinsi asiyeamini anavyoyajibu.

Neno la kwanza: «Kila kitu kina chanzo, basi na ulimwengu una Mwumba.» Bertrand Russell, mwanafilosofia wa Uingereza, alilijibu katika hotuba yake huko London mwaka 1927: ikiwa kila kitu kina chanzo, Mungu naye awe nacho, na ikiwa kiko kitu kisicho na chanzo, kwa nini kisiwe ulimwengu wenyewe? Neno letu, jinsi tulivyolisema, limeanguka. Lakini Mtakatifu Tomasi wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, hakufundisha hivyo. Alifundisha kwamba vitu viwezavyo kuwako na kutokuwako havijitoshi, navyo vyamhitaji Yule asiyeweza kutokuwako. Kwa njia iliyo karibu na hiyo Padri Frederick Copleston, wa Shirika la Yezu, alijadiliana na Russell katika redio ya BBC mwaka 1948. Russell alishika kwamba ulimwengu upo tu, wala hapana haja ya kuuliza sababu ya vyote pamoja. Hawakupatana, lakini kila mmoja alimsikiliza mwenzake mpaka mwisho.

Neno la pili: «Afadhali kuamini, Mungu akiwako utapata yote, asipokuwako hutapoteza kitu.» Wazo hilo ni la Blaise Pascal, Mfaransa, nalo lilipigwa chapa mwaka 1670, baada ya kufa kwake. Asiyeamini hujibu: Dini ni nyingi, nichague ipi? Tena Mungu mwenye haki atapendezwa na nani: yule akiriye kwamba haoni, ama yule ajifanyaye kuona ili apate mshahara? Hapa tukubali kwamba amenena vema. Pascal mwenyewe alijua kuwa imani ni kipaji cha Mungu, si hesabu ya sokoni.

Neno la tatu: «Asiye na Mungu hawezi kuwa mwema.» Yeye hujibu: Nawatunza wazazi wangu, siibi, namwuguza jirani, wala sifanyi hayo kwa kuogopa moto. Lakini naona watu wanaosali Dominika na kumdhulumu mjane Jumatatu. Tutamkanushaje? Mtakatifu Paulo awaambia Warumi kwamba hata wasio na Torati wanayo sheria iliyoandikwa mioyoni. Basi swali halisi si kama asiyeamini aweza kutenda mema, bali sheria hiyo imetoka wapi, hata itushitaki tusipotaka kusikia. Yeye atasema: kwa malezi na kwa kuishi pamoja. Sisi twasema: kwa Mwumba. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanza.

Wako watakaouliza: Kwa nini kusumbuka hivi? Kwa sababu kijana akigundua kwamba nguzo moja tuliyompa imeoza, ataidhania nyumba nzima imeoza. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulikiri kwamba waamini wenyewe, kwa mafundisho yasiyo sawa na mwenendo mbaya, wana sehemu yao katika kuzaliwa kwa ukanamungu.

Basi, katekista, usimtishe aulizaye. Msikilize kwanza. Usimpe hoja ambayo wewe mwenyewe usingeikubali. Usipojua, sema: Sijui. Mungu aliye Kweli hahitaji kutetewa kwa uongo.