Mtu Haadhibiwi kwa Kosa la Kaumu Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Swali lililo mbele ya Waislamu wa pwani hii ni hili: Je, yafaa mtu kuuawa kwa kosa la kaumu yake, hali yeye mwenyewe hakukosa? Swali hili si la maneno matupu. Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi kabla ya sala, mabomu yalilipuliwa penye balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam watu 11. Katika hao wa Dar es Salaam hapakuwamo hata Mmarekani mmoja. Walikuwamo walinzi wa mlangoni, na walikuwamo Waislamu.

Mwezi wa Februari mwaka huo Osama bin Laden na wenziwe walikuwa wametangaza kwamba kuwaua Wamarekani, askari na raia, ni faradhi. Na mwaka 1993 mwanachuoni wa Marekani, Samuel Huntington, aliandika kwamba vita vijavyo vitakuwa baina ya ustaarabu na ustaarabu, akauweka Uislamu upande mmoja na nchi za Magharibi upande wa pili. Huntington hakuamrisha mtu kuua, wala haifai kumzulia. Lakini rai hizi mbili zakutana mahali pamoja: zote humtazama mtu kwa jina la kaumu yake kabla ya kutazama matendo yake.

Watu wa Bagamoyo wanayo ibra katika jambo hili. Mwaka 1888 Kampuni ya Wadachi ilipotwaa forodha za pwani, Bushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani walisimama kuipinga. Huko Ulaya ikasemwa kuwa hivyo ni vita vya Waarabu wauza watumwa kupiga ustaarabu wa Kikristo. Na kwa hoja hiyo bunge la Wadachi, Januari 1889, likatoa marki milioni 2. Basi na watazamwe waliopigana. Askari wengi wa Wissmann walikuwa Wasudani waliotoka Misri, nao ni Waislamu. Upande wa Bushiri walikuwamo watu wa bara wasiokuwa Waislamu. Na pale Bagamoyo misheni ya mapadre wa Kifaransa haikuvamiwa, hata watu wengi wakakimbilia humo. Asili ya vita ilikuwa mamlaka na mali ya forodha. Jina la dini lilivishwa juu yake.

Lakini haki haina upendeleo. Mwezi ule ule wa Januari 1889 watu wa upande wa Bushiri waliishambulia misheni ya Pugu, wakaua wamisionari, na mmoja wao mwanamke. Hao hawakutwaa forodha ya mtu. Dhulma ya Kampuni haikuhalalisha damu zao, kama mauaji ya Pugu yasivyohalalisha vijiji vya pwani kutiwa moto na Wadachi.

Huenda mtu akasema: "Wenye nguvu nao huua wasio na hatia, je, wanyonge wafanyeje?" Ni kweli kwamba tarehe 20 Agosti 1998 Marekani ilirusha makombora yakabomoa kiwanda cha dawa mjini Khartoum, na madai ya kwamba kilitengeneza silaha hayakuthibitishwa. Lakini na ajiulize msemaji huyo: kwa nini jambo la Khartoum ni ovu? Ni ovu kwa kuwa walioumia hawakukosa. Basi sababu hiyo hiyo yaharamisha la Dar es Salaam. Anayeikataa mizani siku ya kupima kosa lake hana haki ya kuishika siku ya kupima kosa la mwenziwe.

Na sheria iko wazi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuuawa wanawake na watoto vitani. Wajumbe wa Musaylima, mtu aliyedai utume kwa uwongo, walifika mbele yake, wala hakuwaua, kwa kuwa mjumbe hauawi. Na Kurani yawaamrisha waumini kufanya uadilifu hata kwa kaumu wanayoichukia.

Penye njia panda ya Chalinze, ambapo barabara ya Morogoro huagana na ile ya Tanga, Muislamu na Mkristo hupanda gari moja kila siku. Mwenye kulilipua gari hilo hawezi kuchagua nani afe. Kwa hiyo ni wajibu wa wazee na walimu wa madrasa kuwafundisha vijana kwamba dhulma hutajwa kwa jina la aliyeitenda, ikadaiwa kwake yeye, wala haidaiwi kwa mpita njia.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa katika waja wake, na awaongoe walio hai. Wallahu aalam.