Dosari ya Rubani

Kuna karatasi moja imenishinda kujaza kwa wiki tatu sasa, na wala si ya benki. Ni karatasi ya mhusika wa mchezo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kucheza Dungeons & Dragons: mnakaa mezani, kila mmoja anaunda mtu wake, dadu zinaamua bahati, na mmoja wenu anakuwa msimulizi anayeibeba dunia yote kichwani. Kabla ya kuanza, mtu wako lazima awe na alikotoka. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014 kinakutaka uandike tabia yake, anachokiamini, anachofungamana nacho, na dosari yake. Sisi tunacheza Spelljammer, ulimwengu uliotolewa kwanza mwaka 1989, ambamo merikebu zinapaa na kusafiri kati ya nyota. Mtu wa Kilwa ukimwambia kuna jahazi linalokwenda angani, unategemea aseme nini? Nilikubali siku hiyo hiyo.

Wenzangu walichagua kuwa wavumbuzi, watu wa kusimama omoni na kuzipa nyota majina. Mimi nikamfanya wangu rubani. Neno lenyewe lilinivutia. Leo rubani ni wa ndege, lakini zamani alikuwa mtu wa merikebu, yule anayejua mwamba uko wapi na kusi inaanza lini. Wangu amezaliwa kisiwani, anazijua njia za anga kama watu wa kwetu wanavyokijua Kilimia, na anawavusha wageni kwa malipo. Tabia nikaandika, imani nikaandika. Kwenye dosari nikakwama.

Msimulizi wetu ni binamu yangu. Akaisoma karatasi, akaniuliza, "Kaka, hao wageni aliowavusha, walipofika huko walifanya nini?"

Nikamjibu kwamba hilo si lake, rubani kazi yake ni kuvusha tu. Hakubisha. Alinirudishia karatasi na kisanduku kile kikiwa kitupu.

Swali lake limekuwa likinisumbua tangu siku hiyo, kwa sababu pwani yetu imeshaulizwa swali hilo. Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Malindi. Mtawala wa pale, aliyekuwa na uhasama na Mombasa, alimpa rubani wa kumvusha hadi Calicut, na safari haikufika hata mwezi mmoja. Wapo waliosema rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bahari wa Oman, lakini watafiti wengi wamelikataa hilo. Tubaki na mtu asiye na jina la uhakika, aliyefanya kazi yake vizuri. Mwaka 1502 da Gama akarudi na mizinga, akatia nanga Kilwa na kumlazimisha mtawala wetu alipe dhahabu. Dhahabu hiyo ilifuliwa chombo cha kanisani, kikakamilika mwaka 1506, na kipo Lisbon hadi leo. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja, akaupora mji na kujenga ngome.

Je, rubani wa Malindi ana hatia ya Kilwa?

Jibu la haraka ni hapana. Alionyesha njia ya Bara Hindi, hakumwelekeza mtu bandarini kwetu. Hakujua miaka minne mbele kuna nini. Tena angekataa yeye, angepatikana mwingine. Majibu hayo matatu nayajua vizuri, maana nimeyatumia mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sina kazi. Wakaja wageni wawili wanatafuta mtu wa kuwatembeza, nikawapeleka mpaka kwenye kijito kimoja chenye mikoko, mahali ambapo bibi yangu na wanawake wenzake walikuwa wakiokota chaza maji yakitoka. Niliwaonyesha kila kitu: njia ya kupita bila kuzama kwenye tope, maji yanajaa saa ngapi, kisima cha maji matamu kiko wapi. Walikuwa wacheshi, wakanilipa elfu kumi. Mwaka uliofuata tukakuta bikoni, halafu mabati. Bibi hakunilaumu hata siku moja. Alisema tu, "Nilidhani ile njia tunaijua sisi." Angenigombeza ingekuwa nafuu.

Sikujua, ni kweli. Wangempata mwingine, ni kweli pia. Lakini hebu tuyatazame majibu hayo kwa karibu. "Sikujua" inamsafisha aliyeuliza akadanganywa. Mimi sikuuliza. Sikuuliza kwa sababu jibu lingeweza kuninyima elfu kumi, na hapo kutojua kwangu kulikuwa jambo nililolichagua. Na "angepatikana mwingine" inaeleza kwamba kijito kingekwenda vyovyote vile. Haielezi kwa nini kilikwenda kwa mkono wangu.

Hata hivyo nisimpige kila muonyesha njia kwa fimbo moja. Huko Tendaguru, bara ya Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia mwaka 1909 hadi 1913. Mamia ya vibarua walifanya kazi pale, na mizigo ilibebwa kwa miguu hadi bandarini Lindi. Zaidi ya tani 200 zikaenda Berlin, na mmoja wa wanyama hao amesimamishwa huko kwenye makumbusho, kimo chake mita 13 na ushei. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu mwenye ujuzi ambao wanasayansi wale waliutegemea. Jina lake limeingia kwenye sayansi: mwaka 2007 dinosaria mmoja aliitwa Australodocus bohetii.

Ukiniuliza kama Boheti alipaswa kukataa, nitakuuliza kalenda inasemaje. Vita vya Majimaji, vilivyoanzia milima ya Wamatumbi, vilikwisha mwaka 1907. Kusini yote ilikuwa imechomwa na kushindishwa njaa. Huwezi kumdai mtu wa wakati ule uhuru ambao hakupewa. Lawama hupimwa kwa nafasi aliyokuwa nayo mtu ya kusema hapana, na ndiyo maana mzani unaniangukia mimi wa miaka kumi na tisa. Mimi nafasi nilikuwa nayo. Hakuna aliyenishikia bunduki.

Najua kuna atakayesema, jamani, huu si mchezo tu? Ni mchezo. Lakini mwaka 2022 Spelljammer ilipotolewa upya, wachezaji walipinga historia ya viumbe waitwao hadozee, walioandikwa kuwa walitekwa wafanywe watumwa na kisha kukombolewa na watu wengine. Wachapishaji waliomba radhi na kuiondoa sehemu hiyo. Mtu wa Kilwa Kivinje, mji ambao misafara ya watumwa kutoka Nyasa ilikuwa ikiishia, hahitaji kuelezwa kwa nini. Anajua kwamba katika hadithi za safari kuna anayefika, na kuna aliyekuwa ufukweni akimtazama akifika.

Sisemi rubani wangu aache kuvusha watu. Njia ikifichwa inakufa na mwenyewe, na pwani hii isingekuwa hii bila wageni. Ninachomdai ni kidogo. Kabla hajatweka tanga aulize, "Mnakwenda kufanya nini?" Na akirudi awaambie watu wa kwao amempeleka nani, wapi. Bibi angeambiwa mapema, huenda wale wanawake wangekwenda serikali ya mtaa kabla ya bikoni. Huenda wangeshindwa vilevile, lakini wangekuwa wamepigania kitu chao.

Jana usiku nimeimaliza karatasi. Kwenye mafungamano nimeandika: wanawake wa kijitoni. Kwenye dosari nimeandika neno moja: haulizi.

Jumamosi tunacheza. Binamu yangu ameshaniambia kuna merikebu ya wageni bandarini, inatafuta rubani, na inalipa vizuri.