Keki ya Ella



Juma lililopita mjukuu wangu alikuwa nasi kwa likizo. Usiku mmoja, yapata saa tano, niliona mwanga chini ya mlango wake. Nikaingia, nikamkuta ndani ya chandarua, kitabu magotini, simu yenye tochi ameibana kati ya shavu na bega. "Zima, ulale." Akaweka karatasi ya pipi kati ya kurasa, akanikabidhi kitabu, akazima. Hakununa. Nikatoka nimeridhika, mzee ambaye nyumba yake inamsikia. Kisha, na hili nakuungamia wewe tu, nikaketi sebuleni nikaanza kukisoma mimi.

Kinaitwa Ella Enchanted, cha Gail Carson Levine wa Marekani, cha mwaka 1997. Ni hadithi ileile ya Cinderella ambayo Mfaransa Charles Perrault aliichapisha mwaka 1697, ila mwandishi huyu amejiuliza jambo ambalo wengi wetu tulilipita tu: kwa nini binti yule alifanya kila alichotumwa? Jibu lake ni kwamba alirogwa. Alipozaliwa alilia bila kukoma, na kichimbakazi aitwaye Lucinda akamtunukia utii. Mtoto akanyamaza. Tangu hapo, akiamriwa lolote hana budi kulitenda. Alipotimiza miaka mitano, mpishi wao Mandy, ambaye anampenda sana, alimpa keki akamwambia, "Kula." Akala, akashiba, na mkono usiweze kuacha.

Keki ile ilinikaa kooni mimi pia. Kwa nje, Ella ni mtoto anayetamaniwa na kila mzazi, na sisi wachungaji ndio tungemsimamisha mbele ya wenzake apigiwe makofi. Je, nyumbani kwako yupo anayeitikia "ndiyo" upesi mno? Uliwahi kumuuliza kama ameshiba?

Baadaye Lucinda anashauriwa azionje zawadi zake mwenyewe: miezi mitatu awe kindi, miezi mitatu awe mtoto mtiifu. Anarudi amevunjika moyo, anajutia yote. Lakini Ella anapomwomba amfungue, anakataa. Ameapa kuachana na uchawi mkubwa. Hapo, nakiri, sikumpenda. Majuto yake yalikuwa ya kweli, na kifungo cha mtoto kilibaki palepale. Labda na wewe kuna aliyekuja kukuomba radhi mikono mitupu, asiweze kukurudishia alichokuvunjia. Unaweza kumsamehe huku kidonda kikiuma bado. Wala usijione una imani haba kwa sababu kinauma.

Ella anafunguliwa na nini, basi? Mwana wa mfalme, Char, anataka kumwoa, naye Ella anampenda. Ila anajua kwamba akiwa mkewe, adui yeyote atakayeijua siri yake ataweza kumwamuru amuue mumewe. Char anapomwambia akubali, mwili wote wa Ella unataka kutii, na moyo wake nao unataka. Anasema hapana, kwa ajili ya Char. Laana inakatika hapohapo. Ndipo anamkubali, safari hii kwa hiari yake.

Hapo nikakumbuka kwamba Yesu alisimulia juu ya wana wawili walioambiwa na baba yao waende shamba la mizabibu. Mmoja aliitikia asiende, mwingine alikataa kisha akaenda. Nimeuhubiri mfano huo miaka mingi nikimwandama yule mwongo. Sikuwahi kumtazama baba vizuri. Mwanawe alimkatalia usoni, na hatusomi popote kwamba alimburura kwenda shambani.

Asubuhi nilirudisha kitabu, karatasi ya pipi ikiwa ukurasa uleule. Mjukuu akajikunyata nacho barazani. Nikaita kwa mazoea, "Niletee chai!"

"Siwezi sasa hivi, Babu, nimefika patamu."

Nikafungua kinywa, nikakifunga. Chai ilikuja baadaye kidogo, imeanza kupoa, na kando yake maandazi mawili ambayo sikuwa nimeyaomba.