Juu ya Amri ya Saba: Ni Nani Aitwaye Mwizi?



Mzee wa kanisa mmoja wa upande huu wa Samuye alinijia jioni, akaketi, akanyamaza kitambo kirefu, kisha akaniuliza neno ambalo nimeona vema kulijibu mbele ya wote, maana si la usharika mmoja tu. Alisema hivi: "Mwalimu, mtunza fedha wetu alitwaa fedha ya sadaka ya mavuno, akamlipia mtoto wake ada ya shule, huku akisema moyoni, Nitairudisha nikiuza mpunga. Mvua ikakatika, majaruba yakakauka, mpunga haukupatikana. Sasa nusu ya wazee wasema ni mwizi, na nusu wasema alikopa tu. Wewe wasemaje?"

Sikumjibu upesi. Neno hili, mwizi, katika nchi yetu ni neno zito. Mtu akiitwa hivyo kwa sauti kuu penye watu wengi, huenda asilione jua la kesho. Kwa hiyo yatupasa kujua maana yake kabla ya kulitamka.

Amri tunaijua tangu tulipofundishwa Katekisimo Ndogo, aliyoitunga Dkt. Martin Luther mwaka 1529. Sisi twaihesabu ya saba. Ndugu zetu wa African Inland Church, ambao ni wengi katika Usukuma, waihesabu ya nane, lakini ni amri ile ile. Ni fupi mno. Sheria ya nchi nayo ina maneno mengi. Imo katika Kanuni ya Adhabu, iliyotungwa kwanza mwaka 1930 siku za utawala wa Waingereza, nayo yatumika hata leo, Sura ya 16 ya sheria zetu. Kifungu cha 258 chaeleza wizi ni nini. Kwa maneno yangu mwenyewe: mtu aibaye ni yule atwaaye kitu kiwezacho kuibwa, kwa hila, pasipo dai la haki; au yule ambaye kitu kimo mikononi mwake tayari, naye kwa hila akakigeuza kiwe cha matumizi ya mtu asiye mwenyewe.

Tazama jinsi maneno hayo yalivyo na mashiko. Hapana budi kiwepo kitu chenye mwenyewe. Hapana budi kiwe kimetwaliwa, na sheria yasema hakikutwaliwa mpaka kimesogezwa, ijapokuwa kidogo tu. Hapana budi mtwaaji awe hana dai la haki. Tena hapana budi iwepo nia ya hila, na hapo ndipo penye kazi, kwa kuwa nia haionekani kwa macho. Likikosekana moja katika hayo, pengine lipo kosa jingine, lakini wizi haupo.

Nitaeleza dai la haki, kwa kuwa hapa kwetu lina mifano mingi. Mtu ameachana na mkewe. Ajua, au aamini, ya kuwa kwa desturi yapasa arudishiwe ng'ombe kadha wa kadha wa mahari. Wakwe wamchelewesha mwaka mmoja, miwili. Siku moja aenda mchana, mbele ya watu, amswaga ng'ombe mmoja na kusema, "Huyu ni wangu." Wakwe wapiga yowe. Je, ni mwizi? Kifungu cha 9 cha kanuni ile ile chasema mtu hana hatia juu ya mali ikiwa alitenda kwa dai la haki aliloliamini kwa kweli, pasipo kusudi la kudanganya. Huenda amekosea hesabu ya desturi, huenda baraza au mahakama itamwamuru kumrudisha yule ng'ombe, na adabu hana hata kidogo. Walakini mwizi siye. Lakini kama angalikwenda usiku, akamwongoza mnyama kwa njia za porini hata mnada wa mbali, na kuficha alama yake, nani angemwamini akisema alidhani ni wake? Matendo ya mtu ndiyo yatoayo nia yake nje.

Habari ya kitu kilichopotea ni ya namna hiyo hiyo. Ng'ombe amekatika kamba, akaingia zizini mwako pamoja na wako. Hujaiba. Sheria haimhesabii hila mtu aliyeokota kitu na kukitumia, ikiwa wakati ule hakumjua mwenyewe, na alikuwa na sababu njema ya kuamini kwamba hawezi kupatikana. Lakini ng'ombe ana alama, na Samuye si bahari. Ukiuliza vijiji viwili vitatu utampata. Musa aliwaambia Waisraeli wasijifiche wamwonapo ng'ombe wa ndugu yao amepotea, bali wamrudishe, na kama mwenyewe yu mbali wamtunze hata aje. Siku hizi twaletewa ng'ombe wa namna nyingine: fedha iliyotumwa kwa simu kwa kukosea namba. Simu yalia, mtu aona shilingi 80,000 asizozitazamia, naye kabla hajamaliza kumshukuru Mungu mwenyewe ampigia akilia. Akizima simu na kwenda dukani, sidhani kama aweza kujificha katika neno la kuokota, maana mwenyewe amekwisha kujulikana.

Huko Geita vijana huokota mawe yaitwayo magwangala, yaani mabaki ya mwamba yaliyotupwa na mgodi, nao husema, "Kilichotupwa hakina mwenyewe." Neno hilo lina nguvu yake. Lakini lundo lililo ndani ya uzio, lenye walinzi, bado li katika ulinzi wa mtu, na sheria humhesabu hata mwenye kushika kitu kwa ulinzi kuwa ni mwenyewe wa namna yake.

Sasa nasema juu ya fedha ya sadaka. Katika kifungu kile cha 258 zimetajwa nia zihesabiwazo kuwa za hila. Ya kwanza ni ile tuijuayo sote, kumnyima mwenyewe kitu chake moja kwa moja. Lakini iko nyingine juu ya fedha hasa: mtu akitwaa fedha kwa nia ya kuitumia apendavyo, hiyo ni hila, hata kama alikusudia kuilipa baadaye. Nilipomsomea yule mzee neno hili alishangaa, akasema sheria ni kali kupita Maandiko. Mimi sioni hivyo. Mkopo una watu wawili, mmoja aombaye na mmoja atoaye, na yule wa pili aweza kukataa. Mtunza fedha alikuwa mwombaji na mtoaji katika kichwa kimoja, wala hakukataliwa. Tena alichoweka rehani si mali yake. Aliweka kuku za wajane na madebe ya mahindi yaliyonadiwa mlangoni pa kanisa baada ya ibada, akavikabidhi kwa mvua ya shamba lake. Mvua ingalinyesha, faida ingalikuwa yake, na siri ingalikuwa yake. Haikunyesha, na hasara ikawa ya usharika. Ndiyo maana sheria haikusubiri kuona kama atalipa. Wizi wa kawaida waweza kumpeleka mtu gerezani hata miaka 7, na kwa mtumishi au wakala aliyeaminiwa mali yaweza kuwa 10.

Iko mali ambayo sheria haiwezi kuihesabu katika wizi kabisa. Kiwezacho kuibwa ni kile kihamishikacho, ardhi haihamishiki. Mtu asogezaye mpaka wa jirani hatua mbili kila masika hakuiba kwa maana ya kifungu hiki, ingawa kung'oa alama za mpaka kwa hila ni kosa lenye kifungu chake peke yake. Mtu apelekaye mifugo yake usiku katika ngitili ya mwenzake, nyasi zikaliwa zote kabla ya kiangazi kwisha, atajibu kwa jina jingine, si wizi. Lakini Luther katika maelezo yake juu ya amri hii hakuishia penye kutwaa. Ametia ndani kila faida ipatikanayo kwa udanganyifu, kisha akageuza amri na kutuagiza tumsaidie jirani azidishe mali yake na kuilinda. Kwa kipimo hicho, nani kati yetu hajashikwa? Yule anunuaye mbuzi saa tano ya usiku kwa nusu ya bei, asimwulize muuzaji swali hata moja? Huyo hata sheria yamshika, maana yatosha kwamba alikuwa na sababu ya kujua kuwa ni mali ya wizi.

Hapa pana hatari niliyotaka kuitaja tangu mwanzo. Amri ni pana, na adhabu ya watu wenye hasira ni kali. Mtu akiviunganisha hivyo viwili, ataua. Wazee wetu wakumbuka jinsi ng'ombe walivyoibwa kwa bunduki baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na polisi walikuwa wachache. Mwanzo wa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi wa pande za Kahama na Shinyanga wakaunda Sungusungu, wakitumia upinde na mishale, na mwano upigwapo kijiji chote hutoka. Mwaka 1989 Bunge likawapa nafasi katika sheria za mgambo. Ng'ombe walilala salama, nami siwezi kudharau jambo hilo. Baba wa familia aliyenyang'anywa zizi zima ameibiwa mahari ya wanawe na chakula chao. Lakini wako pia walioshikwa kwa kudhaniwa tu, wakapigwa kabla mtu hajauliza kitu kimetwaliwa na nani, na kwa dai gani.

Someni Kutoka sura ya 22. Mwizi avunjaye nyumba usiku akipigwa akafa, mwenye nyumba hana hatia ya damu. Lakini jua likiisha kuchomoza, anayo. Tena mle mle aliyeiba ng'ombe na kumchinja alipa ng'ombe watano, na akikutwa naye hai alipa maradufu. Hakuna neno la kumwua mwizi wa ng'ombe mchana. Musa mwenyewe alipima: ni kitu gani, kilitwaliwaje, kiko wapi sasa. Basi mtu na ajipime mwenyewe kwa upana wa Katekisimo, lakini jirani yake ampime kwa wembamba wa sheria, neno kwa neno, mbele ya wenye mamlaka ya kuhukumu.

Yule mzee akauliza mwisho, "Basi sisi wazee twaweza kumsamehe, yaishe humu ndani?" Nikamwuliza, fedha ilikuwa ya nani? Akasema, ya usharika. Nikamwambia, basi ninyi wazee saba hamwezi kusamehe deni msilodai ninyi. Hiyo ingekuwa mara ya pili kutoa mali ya watu pasipo kuwauliza. Wapeni washarika hesabu yote, yeye mwenyewe aiseme, kisha waseme wao kama watapokea malipo ya polepole au wataipeleka habari mbele. Fungu la sanduku na ashike mtu mwingine, na funguo ziwe mbili.

Mzee aliondoka usiku. Nimesikia kwamba mkutano umewekwa Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya ibada, na mtunza fedha amekubali kusimama.