Masikio Yasiyo na Wajibu

Spika janja, yaani spika ndogo ya nyumbani iliyounganishwa na intaneti na inayopokea maagizo kwa sauti ya binadamu badala ya kubonyezwa, ni miongoni mwa vifaa vichache vya kisasa vilivyoingia katika nyumba za Nairobi pasipo mjadala wa maana. Televisheni ilizua mabishano kuhusu malezi, simu ikazua mabishano kuhusu ndoa, na kamera za ulinzi bado hulalamikiwa na wapangaji. Lakini spika hii iliwekwa juu ya rafu, ikaagizwa kupiga muziki, na watu wakaendelea na shughuli zao. Makala haya yanaitazama kutoka Kibera na Kawangware, mitaa ambayo wakazi wake wengi hawajainunua bali hukutana nayo katika nyumba wanakofanya kazi, au hukutana na ndugu yake, msaidizi wa sauti, ndani ya simu zao. Sababu ya kuitazama kutoka huko ni kwamba wakazi wa mitaa hiyo wana uzoefu mrefu wa jambo ambalo spika hii imelileta upya mjini, nalo ni kuishi mahali ambapo maneno ya nyumba moja husikika na wasiokuwa wa nyumba hiyo.

Kabla ya kuhukumu ni vyema kueleza kifaa kinavyofanya kazi. Kampuni ya Amazon ilitoa spika ya Echo nchini Marekani mnamo Novemba 2014, ikiwa na msaidizi wa sauti anayeitwa Alexa, na Google ikafuata na Google Home mnamo Novemba 2016. Kinasa sauti cha spika ya aina hii hubaki wazi wakati wote kikingoja neno la kuamshia, ambalo ni jina au fungu fupi la maneno ambalo kifaa kimefundishwa kulitambua chenyewe. Neno hilo likishatamkwa, taa huwaka na kifaa huanza kurekodi, kisha sauti iliyorekodiwa hupelekwa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa zilizoko mbali, ambako hugeuzwa kuwa maandishi, hufasiriwa na kujibiwa kwa muda wa kufumba na kufumbua. Si kweli, basi, kwamba kifaa hurekodi kila kitu mchana kutwa, kama wasemavyo baadhi ya watu. Lakini ni kweli kwamba hukosea, kikaamshwa na neno lililofanana tu na jina lake, na hapo kikarekodi mazungumzo ambayo hakuna aliyekusudia kuyatuma popote.

Wanaoanza kuitumia huvutiwa kwanza na wepesi wake, na wepesi huo haustahili kubezwa. Mpishi ambaye mikono yake imejaa unga wa chapati huagiza saa ya kuhesabu dakika bila kunawa, mzee ambaye macho yamemwishia husikiliza habari bila kupapasa vitufe, na mtu ambaye mikono yake haina nguvu huzima taa akiwa kitandani. Baada ya majuma ya mwanzo, mshangao hupungua na mara nyingi matumizi hubaki kuwa muziki, hali ya hewa na kengele ya asubuhi. Ni wakati huo, kifaa kinapokwisha kuzoeleka na kusahaulika pale rafuni, ndipo swali la kukihusu linapokuwa zito: kinachosikia maneno ya watu ndani ya nyumba kinawiwa nini na watu hao?

Katika Kibera swali hilo lina jibu la siku nyingi. Chumba cha kawaida katika vijiji kama Gatwekera, Laini Saba au Kisumu Ndogo ni cha futi 10 kwa 10, kuta zake ni za udongo au mabati, na vyumba vimepangwa kwa safu katika ploti moja hivi kwamba ukuta mmoja huhudumia familia mbili. Jioni, mvuke wa sukuma wiki na harufu ya omena hupita juu ya ukuta usiofika kwenye paa. Redio ya chumba cha kwanza husikilizwa hadi cha tatu. Na mtoto anayefundishwa kusoma huku akikaripiwa huwa amefundishwa mbele ya ploti nzima. Spika janja ikiwekwa katika chumba cha aina hii, mtoto wa upande wa pili wa mabati akitamka jina la kuamshia kwa nguvu, kifaa huweza kuitikia, kwa kuwa waliokiunda walichukulia kwamba nyumba ina kuta nene na kwamba anayesikika ndani yake ni wa humo. Stima nayo, ambayo kwingi husambazwa kwa nyaya zinazoning'inia juu ya mapaa, ikipotea, kifaa hunyamaza, ilhali redio ya betri huendelea kunguruma.

Hata hivyo, usikivu huu wa ploti haukuwahi kuwa wa bure, kwa maana kwamba anayesikia hutwikwa jambo la kufanya. Mtoto akikohoa usiku kucha, jirani huuliza asubuhi kama amepelekwa kliniki. Mayowe yakipigwa, milango hufunguliwa. Na moto unapozuka, kwa kuwa nyumba zimebanana, sauti ya wa kwanza kuuona ndiyo king'ora cha wote. Vilevile jirani aliyesikia yasiyomhusu hutarajiwa kuyafukia, na anayeyabeba hadi kwenye foleni ya maji huitwa mdaku na watu hupunguza maneno wanapomwona. Si kwamba kanuni hii hufuatwa kila mara, kwani wako wanawake waliopigwa huku majirani wakiongeza sauti ya redio ili wasisikie. Lakini hata majirani hao hulaumiwa, na lawama hiyo ndiyo ushahidi kwamba jamii inakijua kilichovunjwa: kusikia ni kuingia katika deni.

Hata vyombo vya sauti vilivyokubalika katika mitaa hii vilikubalika kwa misingi hiyo. Pamoja FM, redio ya jamii iliyoanzishwa Kibera mwaka 2007, ilikuwa bado changa nchi ilipotumbukia katika vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo, na matangazo yake yalihimiza amani miongoni mwa majirani waliokuwa wamegeukiana. Watangazaji walikaa palepale waliposikilizwa, na aliyekerwa na neno lao alijua mlango wa kubisha. Spika janja haina mlango wa namna hiyo, kwa maana anayepokea sauti ya mtumiaji hajulikani kwa jina, haishi karibu, wala hawezi kuulizwa asubuhi.

Wala si mashine peke yake iliyosikia. Mnamo Aprili 2019 shirika la habari la Bloomberg lilifichua kwamba Amazon ilikuwa na wafanyakazi katika nchi kadhaa, zikiwemo Costa Rica, India na Romania, waliosikiliza baadhi ya rekodi za watumiaji wa Alexa ili kuusahihisha mfumo, na miezi michache baadaye kituo cha utangazaji cha Ubelgiji, VRT, kikaeleza habari kama hiyo kuhusu msaidizi wa Google. Mnamo Mei 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 nchini Marekani ili kumaliza madai ya serikali kwamba ilihifadhi rekodi za sauti za watoto kinyume cha sheria. Kisha tarehe 28 Machi 2025 kampuni hiyohiyo iliondoa chaguo lililowaruhusu wenye baadhi ya spika zake kuzuia rekodi zisitumwe kwenye seva. Mfululizo huu hauthibitishi kwamba kila nyumba inapelelezwa. Unathibitisha tu kwamba masharti ya usikivu wa kifaa huwekwa na aliyekitengeneza, na huweza kubadilishwa baada ya kifaa kununuliwa na kuzoeleka.

Kwa wakazi wa Kawangware, suala hili linakuwa la karibu zaidi kazini. Kila alfajiri wanawake hutoka Gatina, Kabiro na Kongo na kushika njia ya Gitanga Road kwa miguu kuelekea Lavington na Kileleshwa, wengine wakiwa mama fua wa kulipwa kwa siku, wengine wapishi na yaya. Wenzao wa Kibera huelekea Kilimani na Lang'ata. Mfanyakazi huyu ndiye hupangusa vumbi la rafu ambapo spika imekaa, na ndiye hushinda nayo saa nyingi kuliko mwenye nyumba. Saa sita, akiwa amesimama karibu na sinki, humpigia simu mwanawe kujua kama amekula, huongea na mwenzake wa chama kuhusu mchango uliochelewa, na pengine humlalamikia dada yake juu ya mshahara. Hakuna aliyemwarifu kwamba kilicho juu ya rafu kina kinasa sauti, wala hakuombwa ridhaa. Na kama ameambiwa, ameambiwa na mtoto wa nyumba kwa mzaha.

Mfanyakazi huyohuyo anaweza kurekodiwa na kifaa lakini si rahisi kwake kukiagiza. Spika hizi zilianza kwa Kiingereza, zikaongezewa lugha za masoko yenye fedha kama Kijerumani na Kijapani, na Alexa imekaa miaka mingi bila Kiswahili, sembuse Sheng, Dholuo au Kiluhya zinazosikika katika mazungumzo ya Kawangware. Hatua zimepigwa kwingineko: Google iliingiza Kiswahili katika uandishi kwa sauti mnamo Agosti 2017; mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, ambao hukusanya sauti za watu waliojitolea kusoma sentensi, ulianza kuchangisha Kiswahili kwa nguvu mwaka 2021; na watafiti wa vyuo vikuu nchini Kenya, wakiwemo wa Maseno na wa Nairobi, wakaunda hazina ya data ya Kiswahili, Dholuo na Kiluhya iitwayo Kencorpus. Isitoshe, jasho la mitaa hii limeingia kwa njia nyingine, kwani mnamo Novemba 2018 BBC ilionyesha jinsi kampuni ya Samasource jijini Nairobi ilivyowaajiri watu wakiwemo wakazi wa Kibera kuchora mipaka ya vitu katika picha, kazi inayofundishia magari yanayojiendesha. Mitaa inayodhaniwa kuwa nje ya teknolojia hii imo ndani yake, ila imeingia kwa mlango wa vibarua.

Msomaji anaweza kuuliza kama sheria haitoshi. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo ya mawasiliano yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka anayekusanya data za mtu amweleze anazitumiaje. Hata hivyo kifungu cha 51 cha sheria hiyo kinasamehe shughuli za mtu binafsi au za nyumbani tu, msamaha wenye busara, kwa kuwa hakuna anayetaka mkaguzi wa serikali aingie sebuleni kila mara familia ipigapo picha. Matokeo yake ni kwamba kampuni inaweza kubanwa na sheria, lakini kati ya mwenye spika na mama fua wake sheria husita mlangoni, na kinachobaki kuwasimamia ni adabu.

Adabu hiyo inahusu pia jinsi ya kusema. Katika ripoti yake ya mwaka 2019, shirika la UNESCO lilionya kwamba wasaidizi wa sauti waliopewa sauti ya kike, walio tayari kutii wakati wowote na kustahimili matusi, huweza kuimarisha fikra kwamba mwanamke yuko kwa ajili ya kutumwa. Onyo hilo lina uzito wa pekee katika nyumba ambayo tayari ina mwanamke anayetumwa. Mtoto anayekua akiita jina na kufuatisha amri, bila salamu wala tafadhali, hajafanya kosa kwa mashine, maana mashine haina moyo wa kuumia. Hatari ni kwamba hana haja ya kubadilisha sauti anapogeuka kumwita yaya. Wazazi wanaomtaka amwamkie shangazi yake anapofika kutoka mashambani wanapaswa kumtaka vilevile amwamkie mwanamke aliyeingia kwa mlango wa jikoni saa kumi na mbili asubuhi.

Hitimisho la tafakari hii si kwamba spika janja itupwe, kwa kuwa mzee asiyeona ana haki ya kuifurahia na Kiswahili kina haki ya kusikika ndani yake. Ni kwamba anayeileta nyumbani akubali kufuata kanuni ambayo ploti za Kibera ziliifahamu bila mwongozo wa mtengenezaji. Amweleze mfanyakazi na mgeni kwamba kifaa kipo na kinafanya nini. Akizime kinasa sauti kwa kitufe chake wakati wa mazungumzo ya watu ambao hawakukichagua. Ajifunze kufungua orodha ya rekodi na kuzifuta. Na akisikia humo neno la mfanyakazi wake, alifukie kama jirani mwema anavyofukia, au, ikiwa ni neno la shida, aulize. Mashine haiwezi kudaiwa, na kampuni iko mbali. Aliyelileta sikio nyumbani ndiye anayebaki na deni la yale liliyoyasikia.