Kilichofutwa Bado Kipo

Mwezi wa nne diski yangu ilizeeka ghafla. Ni diski ya nje ya SSD, ya gigabaiti 480, ninayoitumia kuhifadhi video za harusi na mahafali ninazohariri ili nilipe kodi ya nyumba. Zamani faili la gigabaiti 10 lilikuwa linaingia kabla sijamaliza kumimina chai. Sasa niliweza kwenda dukani kununua sukari, nikapiga soga na muuzaji, nikarudi na kulikuta bado linajikokota.

Nilifanya kila ambacho mtu hufanya. Nilibadilisha waya. Nikahamia tundu jingine, kwa sababu tundu la USB 2 halipitishi zaidi ya megabaiti 40 hivi kwa sekunde hata diski iwe mpya. Nikaishika kuona kama imechemka, maana SSD ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe ili isiharibike. Ilikuwa ya baridi. Nikaangalia nafasi: zilibaki gigabaiti 9. Hapo nikaamini nimeupata ugonjwa, kwa sababu diski iliyojaa huwa nzito. Nikafuta filamu. Nikafuta kazi za wateja waliokwisha chukua mali zao. Mwisho nikafuta folda moja iliyoitwa USHAHIDI. Nafasi ikafika gigabaiti 210. Kasi ikabaki ileile.

Folda ile inahitaji maelezo. Baba alipofariki aliacha kiwanja, na kaka yangu mkubwa akakiuza bila kutuambia. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nakusanya: picha ya mkataba wa mauziano, picha za skrini, sauti alizonitumia usiku akinitukana, na nyingine nilizomrekodi bila yeye kujua. Jumla mafaili 214. Kikao cha familia kikaitwa. Baba mdogo akasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kaka akalia. Mimi nikasema mbele ya wote, "Nimesamehe. Yameisha." Mama akanishika mkono.

Nilimaanisha, nadhani. Ila folda sikuigusa kwa miaka miwili, na siku nilipoifuta nilitaka nafasi tu. Kaka hakuwamo kabisa kwenye mawazo yangu.

Wiki mbili baadaye, Ijumaa usiku, kaka aliandika kwenye grupu la familia kwamba kiwanja cha marehemu "kiliuzwa kwa makubaliano ya watoto wote". Nilisoma mara tatu. Mkono ukaenda wenyewe kwenye diski, ndipo nikakumbuka.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Kariakoo kwa fundi wa kompyuta nikiwa na shida mbili. Nikamwambia moja.

Alikuwa kijana mpole, mdogo kwangu. Aliichomeka diski, akasoma namba fulani, akauliza, "Dada, ulifuta vitu hivi karibuni?"

"Nusu ya diski."

"Umefuta, lakini diski haijaambiwa."

Alinieleza huku akifungua skrubu. Kompyuta ikifuta faili haiendi kulitoa lilipo. Inalifuta jina lake kwenye orodha, basi. SSD nayo ina tabia yake: data huandikwa kwa kurasa, lakini haiwezi kuandika juu ya ukurasa uliokwisha kuandikwa. Lazima isafishe kwanza, na haiwezi kusafisha ukurasa mmoja. Husafisha bloku nzima yenye kurasa nyingi. Baadaye nilisoma kwamba hata jina la kumbukumbu za aina hii, flash, lilitoka hapo. Miaka ya 1980, Fujio Masuoka alipoibuni pale Toshiba nchini Japani, mwenzake aliona ufutaji wa eneo zima kwa mpigo unafanana na mmweko wa kamera.

Kwa hiyo bloku ikiwa na kurasa chache zinazohitajika, diski huzinakili kwanza mahali pengine, ndipo iisafishe bloku ile. Na kama hakuna aliyeiambia kwamba kurasa fulani zimekufa, itazinakili na hizo, kwa uaminifu uleule. Kuna amri ya kuiambia, inaitwa TRIM. Kasha la bei nafuu nililoitia diski yangu halikuwa likiipitisha amri hiyo. Miaka yote, kila nilichofuta, diski iliendelea kukibeba. Ikikihamisha huku na kule ili kupata pa kuweka vipya, ikizidi kuwa nzito, na ikijichakaza pia, kwa sababu seli zake zina idadi ya mara zinazoweza kuandikwa kabla hazijachoka.

Nilikaa kimya kwenye kigoda. Nilikuwa nasikiliza habari zangu mwenyewe. Siku ya kikao nilifuta jina kwenye orodha. Ndani hakuna aliyeambiwa. Mtoto wa kaka alipofaulu darasa la saba, nilipiga simu ya pongezi, lakini kwanza ilibidi nikihamishe kiwanja kutoka mdomoni. Kaka alipougua, nilituma hela, na kabla ya kutuma nikakihamisha tena. Kila jema jipya lilichelewa kuingia kwa sababu hiyo, na mimi nikidhani nimechoka na kazi.

Fundi alikuwa ameichomoa diski kwenye kasha na kuiunganisha moja kwa moja na kompyuta yake. "Sasa naituma TRIM. Ikishapita, ulichofuta usitarajie kukirudisha. Kuna kitu unataka tukiokoe kwanza?"

Alifungua programu ya kuokoa mafaili. Baada ya dakika kadhaa orodha ikajitokeza, na ndani yake USHAHIDI, mafaili yote 214. Mapigo ya moyo yalinienda mbio, na sitasema uongo: ilikuwa furaha.

Je, kusamehe ni kufuta? Tumekua tukisikia "samehe na usahau" kana kwamba ni kitenzi kimoja. Lakini kusahau hakuamriwi, na mara nyingi anayetuhimiza tusahau ndiye atakayefaidika. Afrika Kusini, Tume ya Ukweli na Maridhiano chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu ilianza kusikiliza watu mwaka 1996, na mtu hakupewa msamaha wa kisheria kwa kusema tu yameisha. Sheria ilimtaka aeleze kwa ukamilifu alichotenda. Wengi walilalamika kwamba hata hivyo haki haikutimia, na nawaelewa. Lakini angalau pale ukweli haukuchukuliwa kuwa adui wa msamaha. Nikiufuta mkataba wa kiwanja ili familia ikae kwa amani, nitakuwa nimemlinda mwongo na kuuita ulinzi huo huruma.

Hilo lilinipa haki ya kuokoa mkataba. Halikunipa haki ya kuokoa yaliyobaki. Matusi ya saa nane usiku hayathibitishi nani alisaini. Nilikuwa nayasikiliza, kwa siri, siku nilizohisi namhurumia kaka kupita kiasi. Huo haukuwa ushahidi tena. Ilikuwa dawa niliyojitengenezea ili nisipone.

"Nirudishie hili moja," nikamwonyesha picha ya mkataba.

"Na haya 213?"

Kati ya zile sauti ilikuwemo moja ambayo kaka, katikati ya ugomvi, anapaliwa, anakohoa, kisha anacheka kicheko cha baba kabisa. Niliiona kwenye orodha. Kama ningeianza hiyo, ningezichukua zote.

"Yaache."

Alinakili faili moja kwenye flashi, akabonyeza. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyotarajia. Kisha akajaribu kuandika faili kubwa: megabaiti 380 kwa sekunde. Akaniuzia kasha jingine, linalopitisha TRIM, akanionya nisiijaze diski kupita asilimia 85 hivi, ili ipate pa kupumulia.

Usiku ule nilimwandikia kaka, yeye peke yake: "Shikamoo kaka. Huu ndio mkataba. Sahihi zetu hazimo. Naomba urekebishe ulichoandika kwenye grupu. Mimi sitautuma huko." Tiki mbili zikawa za bluu. Hakujibu.

Jumapili asubuhi nilifungua grupu la familia. Mahali palipokuwa na maneno yake pameandikwa kwamba ujumbe huu umefutwa. Chini yake mama ametuma salamu za Jumapili, na baba mdogo amemwitikia. Hakuna aliyeuliza kilikuwa nini, maana wote tulikuwa tumekisoma.

Sijajua bado kama huko ni kuomba radhi. Nilimtakia kaka Jumapili njema, na safari hii sikulazimika kuhamisha kitu kwanza. Au kilikuwa kidogo.