Mfuko Ukipungua, Nani Apunguziwe Kwanza?

Swali hili si la wenye elimu ya fedha peke yao. Kila mwenye nyumba hapa Ijumbi alijua: mwaka ambao kahawa haina bei, hana budi kupunguza matumizi. Lakini aanze wapi? Je, aache kununua kanzu mpya, au amwondolee mtoto chakula?

Nchi yetu nayo iliulizwa swali hilo. Mwaka wa 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na vita vile vilikula mali nyingi. Mwaka wa 1979 bei ya mafuta ikapanda. Mwalimu Nyerere alikataa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Lakini mwaka wa 1986, katika siku za Rais Mwinyi, mapatano yakafanywa. Mwaka wa 1989 mapatano ya dunia juu ya kahawa yakavunjika, na bei yake ikaanguka. Kisha mwaka wa 1993 wagonjwa wakaanza kutozwa ada katika hospitali za serikali. Nao ndio wakati ambao UKIMWI, uliotambuliwa kwetu Kagera tangu 1983, ulikuwa ukiwaacha yatima mikononi mwa mabibi.

Tusihukumu upesi. Serikali haiwezi kutoa isichokuwa nacho, wala zahanati ya bure isiyo na dawa haimponyi mtu. Lakini gharama iliyofutwa katika daftari la serikali haikutoweka. Ilihamia kwa bibi mwenye jembe. Ni kweli, maskini waliwekewa msamaha. Bali kuupata kulimtaka mtu aseme mbele ya wengine kwamba hana kitu. Na mwenye haya hubaki nyumbani na ugonjwa wake.

Tena, ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka wa 2001, watoto walijaa madarasani. Hapo twaona ya kuwa wengi waliokaa nyumbani hawakuwa wavivu. Walizuiwa na shilingi chache.

Basi, dhiki huleta upungufu, lakini haichagui nani aumie. Wachaguao ni watu. Kwa hiyo yatupasa, katika baraza la kijiji na penye sanduku la usharika vilevile, kuuliza kabla ya kupunguza lolote: ni nani asiye na mahali pengine pa kukimbilia? Huyo na awe wa mwisho kupunguziwa.